Dakika 11 za Mwalimu

Mimi ndiye niliyemzima Mwalimu hewani. Nalitanguliza hilo msije mkasoma nusu ya makala huku mnamsaka mwenye kosa.

Kwa miaka kumi, tangu 2009, nilikuwa fundi mitambo kwenye redio moja ya binafsi hapa Unguja. Kazi yenyewe ni kukaa upande wa pili wa kioo, vipokea sauti masikioni, vidole juu ya vitufe vya kupandisha na kushusha. Mtangazaji anajulikana mji mzima. Wewe unajulikana siku mambo yakiharibika. Na upande wa pili wa kioo changu, saa mbili na nusu usiku, watu washarudi kuswali Isha, alikaa yeye na daftari lake.

Jina lake silitaji. Kaniomba hivyo mwenyewe, na ukiwa umekaa mji huu miaka hiyo huna haja nalo. Sote tulimwita Mwalimu, kwa sababu asubuhi alikuwa anasomesha hisabati skuli na usiku anasomesha mpira redioni, na sidhani kama aliwahi kuona tofauti kati ya kazi hizo mbili. Mzaliwa wa Pemba, mwembamba, shati kalichomeka, kofia ya kiua haimtoki kichwani hata studio kukiwa na joto la kupikia mkate. Sauti yake haikuwa ya redio. Ilikuwa kavu, ya mtu anayesahihisha madaftari. Meneja alipomsikia mara ya kwanza alisema huyu atatukimbizia wasikilizaji.

Kilichomtia jina ni giza. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Mliokuwa wadogo hamkumbuki: visima bila pampu, mafriji yamegeuka makabati, jenereta zinanguruma mpaka usingizini unazisikia. Redio yetu ilikuwa na petroli ya saa chache tu kwa usiku, ikabidi kuchagua kipi kiende na kipi kibaki. Matangazo ya vifo yalibaki, hilo halikujadiliwa. Mzanzibari anaweza kukosa habari za dunia nzima, lakini hawezi kukosa kujua nani kafariki na anazikwa saa ngapi. Taarifa ya habari ikabaki. Kadi za salamu zikaondoka, na watu walinuna. Michezo ikabaki kwa sababu Januari ni mwezi wa Kombe la Mapinduzi, na mwenye redio hakutaka kuonekana amelikosa.

Kwa hiyo usiku, mji mweusi, televisheni zimekufa, watu wamekaa barzani na redio za betri, sauti iliyokuwepo ni ya Mwalimu. Nyuma yake jenereta linasikika. Wako watu mpaka leo wakimkumbuka wanaiga na ule mngurumo.

Walichokipenda ni kwamba hakuwa anapaza sauti. Watangazaji wakali wa siku hizi wanafoka. Yeye alikuwa anahesabu. Akienda uwanja wa Amaan, kabla haujakarabatiwa, hakai jukwaa la waandishi. Anakwenda kukaa kwenye ngazi za saruji na daftari, anahesabu watu waliokaa ngazi moja, anazidisha kwa idadi ya ngazi zilizojaa, anapunguza watoto walioruka ukuta. Kisha anazidisha kwa kiingilio. Usiku redioni anasema: mie nimepata hivi, waliotangaza mapato wametangaza vile, tofauti ni hii, nani anisahihishe? Basi. Hamwiti mtu mwizi. Analiacha suala linaning'inia hapo, halafu ananiashiria nipige tangazo la sabuni.

Simu zilikuwa zinawaka mpaka taa zote za mashine nyekundu.

Na vijeba, wachezaji waliozidi umri. Hapo ndipo ualimu wake ulipokuwa msiba kwa viongozi wa timu za watoto. Mechi za vijana anakwenda kuzitazama uwanja wa Mao Zedong, anamwona mchezaji aliyeandikishwa ana miaka kumi na mitano, usiku anasema hewani kwa upole kabisa: "Yule winga wa kushoto anacheza vizuri, nimefurahi kumwona, mara ya mwisho tulionana nikimfundisha maumbo, na mwaka ule mwanangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa. Sasa mwanangu yuko kidato cha tatu." Mji mzima unacheka. Winga mwenyewe anacheka. Katibu wa timu hacheki.

Aliyasema hayo miaka na miaka. Aprili 2018 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 ikaondolewa kwenye mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, huko Burundi kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri. Siku ile tulidhani atafanya karamu hewani. Alisoma habari, akasoma tarehe ya kuzaliwa iliyotakiwa, akasema, "Watoto waliokuwa na umri sahihi wamebaki hapa nyumbani, na hawatakuwa na umri huo tena." Akageuza ukurasa.

Lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa bara pengine halijui. Ukitazama msimamo wa ligi yetu utakuta KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Hayo si majina ya mitaa. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ni valantia, Mafunzo ni magereza. Kijana mwenye mguu mzuri anachezea kikosi kwa sababu kikosi kina ajira, na ajira Zanzibar si kitu cha kukiringia. Timu za mitaa, Malindi na Mlandege na wenzao, zinaishi kwa michango na mapenzi, ijapokuwa Malindi hiyohiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka 1995, na ndiyo mwaka ambao Zanzibar ilichukua Kombe la Chalenji, la CECAFA hiyohiyo, kule Uganda. Sasa fikiria unakaa redioni kumkosoa kocha ambaye asubuhi anavaa magwanda. Wengi wetu tungechagua kuzungumzia Barcelona. Wengi walichagua hivyo.

Watu hudhani hatari ya mtangazaji mkali ni kuitwa na wakubwa. Aliitwa, ndiyo, mara mbili ninazozijua, akanywa chai, akarudi. Mzigo hasa ulikuwa kwengine. Kisiwa hiki ni kidogo. Mtu uliyemsema usiku unakutana naye asubuhi kwenye foleni ya samaki, ni mjomba wa mkeo, ni jirani wa dada yako, mtoto wake yuko darasani kwako. Kuna harusi ambazo Mwalimu hakualikwa. Kuna barza moja Kikwajuni ambayo akifika watu wanakumbuka wameacha maji jikoni.

Nitakupa siku moja tu. Kulikuwa na mshika fedha wa timu fulani, na Mwalimu alikuwa juu yake wiki nzima kwa hesabu za mlangoni. Jumatano usiku kamuuliza hewani masuala matatu. Alkhamisi alfajiri mama wa yule bwana akafariki, na tangazo la kifo likaja kusomwa redioni kwetu, kwenye maiki ileile. Alasiri tukaenda kuzika. Mwalimu alikuwemo, safu ya pili, na watu walimtazama yeye kuliko walivyolitazama jeneza. Kaburini zamu ya kutia udongo ilipomfikia, aliyempokeza jembe alikuwa mshika fedha mwenyewe. Akalipokea, akatia udongo, akampa mkono wa taazia, wakashikana muda mrefu. Nikajisemea hapo limekwisha.

Ijumaa na Jumamosi hakumtaja. Jumapili hakumtaja. Khitma ikasomwa, siku tatu zikapita. Jumatatu saa mbili na nusu akafungua daftari: "Suala la nne."

Nikienda kwenye lile langu. Ilikuwa Oktoba 2014. Mdhamini wa kipindi alikuwa na udugu na kiongozi mmoja wa mpira, udugu wa kweli, baba mmoja, na Mwalimu alikuwa ameahidi jana yake kwamba leo ataleta hesabu. Meneja hakumwambia kitu Mwalimu. Alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, kipindi kimeshaanza, na Mwalimu alipofungua daftari akaniambia neno moja, "Shusha."

Nikashusha.

Natamani niandike kwamba nilisita. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, mke mjamzito, na kidole kilikwenda chenyewe kama kinavyokwenda ukitaka kupiga tangazo. Nikaingiza taarab. Taa nyekundu mezani kwa Mwalimu ikazimika, akainua macho, akanitazama kupitia kioo. Alijua. Mtu aliyekaa studio miaka mitano hahitaji kuambiwa taa ikizimika maana yake nini. Kisha akainamisha kichwa kwenye daftari na akaendelea kusema.

Kwa dakika 11, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, alizungumza na maiki iliyokufa. Midomo inakwenda, kidole kinashuka kwenye ukurasa mstari kwa mstari. Kioo kile hakipitishi sauti, na mimi ndiye niliyeufunga mlango mwengine. Meneja alikwenda zake. Nilibaki natazama. Alipomaliza akafunga daftari, akavaa viatu, akapita mlangoni kwangu, akasema, "Usiku mwema, mwanangu," kama kila siku.

Asubuhi yake ndipo nilipofahamu kuzima redio kisiwani kunamaanisha nini. Darajani nimesikia Mwalimu kawataja watu watatu kwa majina na akaunti zao. Jaws Corner, kwenye kahawa, nimesikia kawataja saba, na mmoja wao waziri. Kwenye daladala ya Fuoni kuna mama aliapa kamsikia kwa masikio yake akisema fedha zimejenga nyumba ghorofa mbili Mbweni, mpaka rangi ya geti aliijua. Hakuna aliyesikia kitu! Walisikia taarab. Lakini kila mtu aliijaza ile taarab kwa hasira alizokuwa nazo. Kwa miaka mitano alikuwa amepima kila neno, na maneno makali kuliko yote aliyosemwa kuwa aliyasema ni yale ambayo mimi sikuyaruhusu yatoke. Mdhamini aliondoka mwezi uleule, kwa aibu ya tuhuma ambazo hazikutamkwa.

Mwalimu hakukanusha, hakuthibitisha. Kesho yake saa mbili na nusu alikuwa kitini.

Mwaka 2017 nitaupitia haraka, ingawa ndio watu wengi wanaoutaja wakimtaja yeye. Tarehe 16 Machi, Addis Ababa, CAF ikatupokea kuwa mwanachama wa 55. Mji ulirindima. Mwalimu alifurahi, nilimwona, ila akasema hewani kwamba mgeni akija anafagiliwa, basi ligi yetu ikae na ratiba isiyobadilika japo wiki tatu mfululizo. Watu walimtukana kwa hilo. Julai CAF ikaufuta uanachama, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Akasoma habari mara mbili, akasema, "Mgeni hakuja. Uwanja ni wetu, tufagie vivyo hivyo." Halafu Desemba Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji chini ya kocha Hemed Morocco, wakawafunga ndugu zetu wa bara 2-1, wakamtoa Uganda, bingwa mtetezi, nusu fainali, na tarehe 17 wakacheza fainali Machakos na wenyeji. Sare 2-2, mara mbili tunatoka nyuma. Tukafungwa kwa penalti 3-2. Usiku ule aliingia studio, akafungua daftari, akalifunga. "Leo sina cha kusahihisha." Ndicho kipindi pekee alichokifunga kabla ya wakati.

Kilichommaliza hakikuwa wakubwa wala wadhamini. Wasikilizaji walibadilika. Simu zikaanza kuuliza Simba na Yanga tu, kisha Arsenal na Manchester United, kisha mikeka ya kubashiri mechi. Vijana walitaka wapewe timu za kushinda. Usiku mmoja mmoja wao akapiga, akamwomba amsaidie kuchagua mechi kumi. Mwalimu akasema vizuri, tuzidishe pamoja. Tuchukulie kila mechi una nafasi nusu kwa nusu, na hapo nakuonea huruma. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Alikwenda taratibu, na yule kijana huko kwenye simu anamfuatia kama darasani, mpaka 512, mpaka 1,024. "Kwa hiyo una nafasi moja katika 1,024. Umepanda daladala kuja kazini?" Ndiyo, Mwalimu. "Nauli umebakisha?" Kijana akakata simu.

Binafsi naona ndicho kipindi chake bora kuliko vyote. Menejimenti hawakuona hivyo. Hawakumfukuza; huku kwetu mtu hafukuzwi, anapunguzwa. Saa nzima ikawa nusu saa, nusu saa ikawa robo saa baada ya uchambuzi wa ligi ya Uingereza unaofanywa na vijana wawili wanaopokezana kucheka. Mwaka 2019 akaambiwa robo saa hiyo itakuwa Jumamosi tu. Akasema sawa, akachukua daftari, na Jumamosi hakuja. Mie niliondoka miezi miwili baadaye. Siku hizi nafunga spika kwenye maharusi, na niamini, bibi harusi hana maneno makali kuliko mama yake.

Nilikwenda kumtazama Jang'ombe, mwaka ule ule. Tukakaa kwenye mkeka uani, mkewe akatuletea chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Nikaona kama hajanipa ruhusa ya kuuliza leo hatanipa tena, nikamuuliza. Mwalimu, siku ile niliyokuzima, ulisema nini?

Hakukumbuka kwanza siku gani. Hilo liliniuma kuliko angenikasirikia. Kisha akakumbuka.

"Nilikuwa nasoma msimamo wa ligi."

Msimamo?

"Ligi Kuu, halafu daraja la kwanza Unguja, halafu daraja la kwanza Pemba. Michezo, kushinda, sare, kufungwa, mabao. Zile hesabu nilikuwa sijazimaliza, nikataka kuziacha mpaka wiki inayofuata. Sasa taa ikazimika. Lakini msimamo unasomwa kila Jumanne. Kuna mzee Micheweni ananisubiri na kalamu."

Nikamwambia mzee wa Micheweni hakuusikia. Akanitazama kwa ile sura ya kusahihisha daftari. "Najua. Ulinizima."

Nikamuuliza kwa nini aliwaacha watu waamini yale mengine, waziri na ghorofa na geti. Akasema aliulizwa na watu wengi kama ni kweli aliwataja wezi, ila hakuna hata mmoja aliyemuuliza alisema nini. Akanisukumia sahani ya mkate.

Tarehe 13 Januari 2025 nilikuwa kwenye daladala usiku, natoka kufunga spika. Kombe la Mapinduzi mwaka huo lilichezwa na timu za taifa, na fainali ilikuwa Gombani, Pemba: Zanzibar Heroes 2, Burkina Faso 1. Dereva ameifungua redio mpaka mwisho, abiria wanapiga mabodi kwa viganja, mtangazaji anapokea simu za furaha, kila mtu dakika moja. Akapokea moja.

"Karibu, nani mwenzangu na unapiga kutoka wapi?"

"Msikilizaji tu. Jang'ombe."

Sauti kavu. Nikainama kwenye kiti.

"Hongera kwa vijana," akasema, "na hongera kwa Gombani, uwanja ulijaa. Nina suala moja. Mechi za ligi zilizosimama kupisha mashindano, zinarudi lini?"

Mtangazaji akacheka. "Mzee wangu, leo tuache tushangilie!"

"Shangilieni. Mie nauliza tarehe. Na za daraja la kwanza Pemba, kwa sababu..."

Laini ya simu ikikatika inakata papo hapo, kama uzi. Kitufe kikishushwa, sauti inazama. Hii ilizama. Kibwagizo kikaingia juu yake, na msikilizaji wa Mwembemakumbi akaanza kuimba.

Nikateremka kituo kimoja kabla ya changu, nikampigia. Inatumika. Nikasimama chini ya taa ya duka, nikasubiri, nikapiga tena. Simu unayopiga inatumika. Nikatazama saa.